Mrejesho: nyumba imepatikana, na mbwa tumehamia naye

Habari zenu. Niliuliza nitapataje nyumba ya kupanga mjini nikiwa na mbwa wa kilo 45, maana kila dalali akisikia uzito anakata simu. Nimepata, na tumeshahamia.

Kilichosaidia ni ule ushauri wa kuachana na majengo ya kampuni na kutafuta mwenye nyumba anayesimamia mwenyewe. Kampuni ikishaweka kikomo cha uzito, hata umbembeleze vipi meneja hana la kufanya. Mwenye nyumba mnaongea. Nilimpelekea kadi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa ikiwa haijaisha muda, pamoja na barua ya mwenye nyumba wangu wa zamani, kisha nikamkaribisha aje tunapoishi. Alipogonga, mbwa akabweka mara moja, nikamwambia akae, akakaa. Mzee wa watu akainama kukagua fremu za milango, akipitisha kidole kutafuta alama za kucha. Hakuona kitu. Nadhani hapo ndipo alipolainika, si kwenye makaratasi.

Amana kaongeza kidogo, sikubishana. Nilichokomalia ni mbwa aandikwe kwenye mkataba, kwa jina na uzito, kwa sababu ruhusa ya mdomo ni ngumu kuithibitisha nyumba ikiuzwa. Na wewe uliyenishauri nimfiche: mbwa wa saizi hii namficha wapi?

Tuko ghorofa ya chini, kwa hiyo lifti haituhusu. Jirani wa juu bado anatupisha mbali kwenye korido, lakini salamu anaitikia.