Tupeane uzoefu: Ngoma za Kilatini zilikuingizaje kwenye metali?

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wasikilizaji wa metali, ule muziki wa magitaa ya umeme yenye kelele nzito, tunahesabika, lakini tupo. Naomba kila mmoja amwage yake: ni albamu gani iliyochanganya metali na ngoma za Amerika ya Kusini iliyokushika, na ilikukutia wapi?

Naanza. Mwaka 2001 naishi nyumbani, Sinza. Kaka yangu alichukua kaseti ya taarabu ya mama, ya dakika 90, akabandika selotepu kwenye vile vitundu vya juu ili ikubali kurekodi, akarekodi juu yake Roots, albamu ya Sepultura, bendi ya metali ya Brazil. Albamu ile ina kama dakika 72, kwa hiyo wimbo wa mwisho ukikatika, fidla ya taarabu inaingia katikati ya ubeti kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwanzoni sikuvumilia. Yule mwimbaji wao, Max Cavalera, anaunguruma kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Kilichonibakiza ni dramu za mdogo wake, Igor. Hapigi haraka haraka kama wenzake wa metali. Anapiga chini, kwenye matomu, zile dramu za sauti nzito, mapigo mazito yanayozunguka. Magitaa nayo nyuzi zimelegezwa hadi zinakoroma.

Siku moja mama kaingia na ungo wa mchele, mimi najiandaa kugombezwa. Zamu ilikuwa ya Itsári, wimbo ule waliorekodi na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazil, kijijini kwao Mato Grosso: sauti za wanaume, miguu inakanyaga ardhi, gitaa kavu lisilo la umeme. Kasimama. "Hii ngoma ya wapi?" Nikamwambia Brazil. Akakaa kitandani, akaendelea kuchambua mchele wake mpaka ukaisha. Uliofuata ulipoanza akatoka bila kusema neno.

Haya, nawasikiliza.

Mdau, Mwanza: Dah, huyo mama ni mwenzetu. Mimi ni Ratamahatta, wimbo wa humo humo kwenye Roots. Nilikuwa napiga tumba bendi ya harusi. Rafiki kaniwekea spika ya sikioni, kaniambia "sikiliza mikono ya huyu". Ni Carlinhos Brown, mtu wa Bahia huko Brazil, anapiga na kuimba humo. Maneno karibu yote Kireno, sikuelewa kitu, lakini mikono niliielewa. Jumamosi iliyofuata nikajaribu ule mwendo kwenye wimbo wa kuingia maharusi. Bibi harusi akakosea hatua, kiongozi wa bendi akanikata nusu ya posho. Sijuti.

Mdau, Mombasa: Mnisamehe, lakini Sepultura ni Wabrazili wa Belo Horizonte walioanza 1984 wakipiga makelele kama bendi nyingine zote za wakati huo. Ngoma zilikuja baadaye, kwenye Chaos A.D. ya 1993 zikaanza kuchungulia, halafu 1996 ndiyo hiyo Roots. Ukitaka Kilatini chenyewe, tafuta Puya, vijana wa Puerto Rico. Albamu yao Fundamental ya 1999. Baba yangu alikuwa mtu wa dansi, santuri za Kikongo na za Kuba zimejaa kabatini, akisikia metali anazima redio. Nikamwekea Puya makusudi. Gitaa linakwaruza, uso umekunjamana. Ghafla wimbo unageuka salsa kamili, matarumbeta yanaingia, mzee bega limeanza kucheza lenyewe! Kabla hajakaa sawa, gitaa limerudi. Akaniangalia kama nimemwibia hela. "Kwa nini wanaharibu?" Nikamwambia baba, hawaharibu, wote wawili wanakaa nyumba moja.

Mdau, Dodoma: Kwangu ni sekunde chache tu: mwanzo wa Attitude, wimbo wa pili wa Roots, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Wabrazili wanauita berimbau, asili yake ni watu waliopelekwa utumwani kutoka huku Afrika ya Kati na Angola. Babu yangu upande wa mama alikuwa na upinde wa aina hiyo, kibuyu anakibana kifuani. Nilipousikia nilirudisha nyuma mara sita, nikidhani kuna mtu anapiga nje.

Mdau, Muscat: Mimi nitawapinga kidogo. Roots naipenda, ila nyimbo za katikati zinachosha, zinafanana. Ukitoa ngoma hazibaki na kitu. Bendi ya Ill Niño wa New Jersey, Marekani, nao hivyo hivyo, gitaa la Kihispania linapambwa kama maua mezani.

Mwanzisha uzi: Mkuu wa Muscat, kuhusu katikati nakubali. Ila Jasco, wimbo unaotangulia Itsári, usiiguse: gitaa kavu la Andreas Kisser peke yake, hata dakika mbili halifiki, ndilo linalokupeleka kijijini kwa Waxavante.

Mdau, Mwanza: Hiyo kaseti bado ipo?

Mwanzisha uzi: Ipo, ila redio ilikula mkanda upande wa pili, nikakata na kuunga kwa rangi ya kucha. Zile dakika za mwisho za taarabu ndizo zilizopona. Mama bado anamuuliza kaka ilikoenda kaseti yake, na kaka anasema labda ilibaki kwa shangazi Tanga.