Tupeane uzoefu: siku chuo kilipowaandikia wazazi kuhusu pombe au bangi (mliosoma Marekani)

Kisu Butu: Wakuu, jana mdogo wangu kanipigia analia. Yuko mwaka wa kwanza hapa Marekani, miaka 19, kakutwa na bia bwenini. Kaambiwa barua inakwenda nyumbani. Nilicheka, maana na mimi yalinikuta. Barua yangu ilipofika, mama Kiingereza hakipandi, akangoja nije likizo: "Hebu nisomee." Nikamsomea kwamba chuo kinampongeza kwa malezi bora. Akaibandika ukutani! Ilikaa pale miezi mitatu mpaka akaja mgeni anayejua kusoma. Yaliyofuata sisimulii. Leteni visa vyenu.

Mwali wa Baridi: Hapo ukutani nimekufa 😂😂

BabaWawili: Mimi ni mzazi, na niliipokea hiyo barua. Sikucheka. Nikiuliza matokeo ya mwanangu naambiwa ni siri yake, mtu mzima. Siku ya pombe ndiyo wanakumbuka ana baba.

Shahidi wa Pili: Ni FERPA hiyo mkuu, sheria ya Marekani ya 1974 inayolinda siri za rekodi za mwanafunzi. Mtoto akishaingia chuo, haki juu ya faili lake zinahamia kwake, hata kama hajafika 18. Mwaka 1997 kijana wa mwaka wa kwanza pale chuo cha MIT alikufa kwa pombe, kelele zikawa nyingi, na 1998 Kongresi ikalegeza: kama hajafika 21 na chuo kimemkuta na kosa la pombe au dawa za kulevya, kinaweza kumwambia mzazi. Kinaweza, hakilazimishwi. Ndiyo maana wengine wanaandika kosa la kwanza, wengine wanangoja la pili, wengine hawaandiki kabisa.

Jeuri Kiasi: Mtu anapiga kura, anaruhusiwa kwenda jeshini, halafu kwa bia moja anasemewa kwa mama?

BabaWawili: Alipe ada mwenyewe, tutaitana majirani.

Jeuri Kiasi: Risiti ya ada siyo hati ya kummiliki mtu, mzee.

BabaWawili: Huna mtoto wewe.

Taa ya Korido: Mtanisamehe, naingilia. Hili sijawahi kuliandika popote.

Niliyekuwa naye chumba kimoja alikuwa na miaka 18, na kosa moja tayari. Chuo chetu barua ilikwenda kosa la pili. Alituapisha: "Nikizidiwa nilazeni tu, msiite mtu, mzee ataniua." Usiku mmoja akanywa vodka kwa kushindana. Saa saba hivi akaanguka, akawa anakoroma vibaya. Tulikuwa wanne, na tulibishana. Tuite? Tusiite? Wakati huo tumemlaza chali, hatujui kitu. Akatapika, mmoja wetu ndiye akamgeuza ubavu. Midomo ikawa ya buluu, mwili baridi. Anavuta pumzi, kimya, kimya, anavuta tena. Nikapiga 911, namba ya dharura. Namba tatu tu, nilizikosea mara mbili.

Alipona. Kumbe chuo kilikuwa na utaratibu kwamba anayeita msaada haadhibiwi, wala mgonjwa mwenyewe. Ulikuwa kwenye kijitabu tulichopewa siku ya kwanza. Barua ya chuo haikwenda! Iliyokwenda ni karatasi ya bima, maana alikuwa kwenye bima ya baba yake.

Mzee akaja bwenini na ile karatasi mkononi. Akauliza nani alipiga simu. Nikasema mimi. Akakaa kwenye kitanda changu, akaniuliza: "Mlikaa muda gani kabla ya kupiga?"

Nikamwambia dakika tano.

Zilikuwa arobaini.

Mwali wa Baridi: Pole sana.

Ndonga: Chai hii. Bima inaanzaje kumwandikia baba wa mtu mzima?

Shahidi wa Pili: Mtoto anakaa kwenye bima ya mzazi mpaka 26, na taarifa za matibabu huenda kwa mwenye bima. Usimwite mwenzio mwongo.

Jeuri Kiasi: Taa, hiyo si ndiyo hoja yangu? Woga wa barua ndio uliowachelewesha.

BabaWawili: Au angesemewa kosa la kwanza, la pili lisingekuwepo.

Taa ya Korido: Msinigombanie mimi.

Ndonga: Haya, yaishe. Kisu, mdogo wako abadilishe anwani ya nyumbani kwenye mfumo wa chuo.

Mwali wa Baridi: Usimsikilize huyu. Apige simu mwenyewe kabla barua haijafika. Mimi nilimwambia baba kwanza, barua ikamkuta amekwishapoa.

Shahidi wa Pili: Na kama yuko kwa visa, asiguse bangi hata kama jimbo limeihalalisha. Sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji wanafuata hiyo.

Kisu Butu: Mrejesho: kapiga. Mama kasikiliza mpaka mwisho, halafu kauliza kitu kimoja tu: "Na hiyo ya kwako nani atanisomea?"