Maarifa ya wakulima yakiandikwa, ni nini kinachopotea njiani?

Mtunza Mbegu (mwanzisha mada)

Ndugu wakulima wenzangu, salaam.

Kikundi chetu cha wakulima wadogo kilitumia misimu miwili kukusanya mbinu za kilimo ikolojia (kilimo kinachofuata njia za asili) kutoka kwa wanachama wenye umri mkubwa, tukaziandika katika kijitabu na kukigawa kwa vikundi vingine. Tulitaka kupunguza utegemezi wa mbegu na viuatilifu vya dukani, ili uamuzi wa nini kipandwe na nini kiliwe ubaki mikononi mwa wanaolima. Matokeo yametuvunja moyo. Ukurasa wa kuhifadhi mbegu za mikunde, kwa mfano, unasema tu "changanya na majivu". Waliousoma walinyunyiza kiganja kimoja juu ya debe zima, na baada ya miezi michache wakakuta mbegu zimetobolewa na fukusi, nyingine zimeota ukungu. Sasa wapo wanaosema kwamba maarifa ya wazee yamepitwa na wakati. Je, kosa liko kwenye maarifa yenyewe au kwenye namna tulivyoyaandika?

Mwezeshaji wa Shamba Darasa

Ndugu Mtunza Mbegu, nadhani mliandika jina la mbinu mkaacha sababu yake. Majivu hayaui fukusi kama sumu. Yanapojaza nafasi zote kati ya punje, mdudu anayetoka ndani ya mbegu hupata shida kutembea na kukutana na mwenzake, hivyo kizazi kinachofuata hakipatikani. Anayeelewa hilo hawezi kunyunyiza kiganja kimoja, hata kama hukumwandikia kipimo.

Chukueni pia mfano wa zai, yaani mashimo madogo ya kupandia yanayochimbwa kwenye ardhi kavu na ngumu ili yakusanye maji ya mvua. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefariki mwaka 2023, hakuyabuni: aliyarithi, kisha katika miaka ya 1980 akayapanua, akayajaza samadi na kuyachimba kiangazi kabla mvua hazijaanza. Samadi ile iliwavuta mchwa, nao mchwa wakatoboa udongo uliokuwa mgumu kama sakafu, maji yakapata njia ya kushuka. Peleka shimo hilohilo kwenye bonde linalotuama maji na utaozesha mizizi, kisha utasikia watu wakisema zai haifai. Kila ukurasa wenu ungepaswa kueleza udongo, mvua, wakati wa kufanya kazi hiyo na, zaidi ya yote, mahali ambapo mbinu ilishindwa. Wakulima hawapendi kusimulia walivyoshindwa mbele ya wageni (nami ni mmoja wao), lakini humo ndimo mipaka ya mbinu inamoonekana.

Jembe la Alfajiri

Nakubaliana na mwezeshaji, ila ningekwenda mbali zaidi: kijitabu kije mwisho, baada ya watu kuona kwa macho. Harakati ya mkulima kwa mkulima iliyoanza Guatemala katika miaka ya 1970, ikaenea Meksiko na Nikaragua na baadaye Kuba, ilijengwa juu ya kutembeleana. Mkulima alijaribu jambo moja au mawili kwenye kipande kidogo cha shamba lake, akalinganisha na sehemu ambayo hakuibadilisha, kisha akawaonyesha wenzake matokeo akiwa amesimama pale pale. Mgeni hushika udongo na kuunusa, na huuliza maswali ambayo mwandishi wa kijitabu hakuyafikiria.

Mashamba darasa nayo, yaliyoanza kwenye mpunga nchini Indonesia mwaka 1989, yaliwakutanisha wakulima kila wiki kwa msimu mzima wachore walichokiona kwenye mmea kabla ya kuamua lolote. Kwa njia hiyo walijionea wenyewe kwamba dawa waliyokuwa wakipuliza iliua pia buibui na wadudu wengine waliokuwa wakiwala waharibifu bila malipo.

Mlinzi wa Mbegu za Asili

Samahani kwa kuingiza jambo ambalo halijagusiwa. La Via Campesina, harakati ya kimataifa ya wakulima wadogo, walipolileta wazo la uhuru wa chakula kwenye mkutano wa kimataifa wa chakula mjini Roma mwaka 1996, hoja yao ilikuwa juu ya nani anaamua, na swali hilo linahusu maarifa kama linavyohusu ardhi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima, katika kifungu cha 19, linatambua haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu walizozitunza wenyewe, pamoja na haki ya kulindiwa maarifa yao ya jadi yanayohusu mbegu hizo. Hata hivyo azimio halina nguvu ya mkataba, na nchi nyingi zina sheria za hakimiliki za mbegu zinazobana ubadilishanaji huo. Kwa hiyo, kabla ya kugawa kijitabu, je, mliwaomba ridhaa waliowapa maarifa, na mliwaambia kitafika wapi? Mimi sipingi kushirikishana. Napinga kumgeuza mkulima kuwa chanzo kisicho na jina wala kauli.

Mtunza Mbegu

Nashukuru sana. Swali la ridhaa limetuuma, kwa sababu jibu lake ni hapana.

Jana tulimrudia mama aliyetupa mbinu ya majivu, tukamwomba radhi, kisha tukamwomba aifanye mbele yetu. Alichekecha majivu yaliyopoa, akayapima karibu sawa na mbegu zenyewe, lakini kabla ya hapo alitia punje chache kavu kwenye chupa ya kioo pamoja na chumvi kavu, akaitikisa na kuiacha itulie. Chumvi haikuganda ukutani mwa chupa, naye akatueleza kwamba ingeganda angezirudisha mbegu juani. Tulipomuuliza kwa nini hakututajia hatua hiyo mwanzoni, alishangaa: kwake, hakuna mtu anayehifadhi mbegu mbichi.

Ukurasa ule tumeuondoa. Amekubali uandikwe upya yeye akiwepo, na ametaka kwanza waliopoteza mbegu zao waje kwake na chupa zao.