Silent Hunter 5 (SH5) inataka intaneti MUDA WOTE hata ukicheza peke yako, halafu nyambizi ya Type IX wameitoa. Hawa jamaa wanatuchukuliaje?

Wakuu habari zenu. Leo hii, Februari 2010, naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa kooni na nisipolitoa humu sijui nitalitolea wapi, nyumbani nikiongelea nyambizi wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Silent Hunter 5, gemu ya nyambizi za Kijerumani za Vita vya Pili vya Dunia, inatoka mwanzoni mwa Machi hii 2010, yaani ndo hiyo imefika, na badala ya kuisubiri kwa hamu kama tulivyoisubiri ya tatu na ya nne mi kila nikisoma habari mpya hasira inanipanda. Ubisoft, kampuni inayoitoa, wametangaza kwamba gemu zao mpya za PC, hii yetu, Assassin's Creed II na Settlers 7, zitataka uwe umeunganishwa na seva yao wakati wote unacheza. Sio kuisajili mara moja ukishanunua basi yaishe, hapana. WAKATI WOTE. Na mnajua wenyewe SH ni gemu ya kucheza peke yako usiku kucha, wewe na ramani na kahawa, hakuna mtu mwingine kwenye hiyo bahari, sasa seva ya nini?

Wanasema eti ni faida kwetu. Hutahitaji DVD, utainstoo kwenye kompyuta nyingi unavyotaka, sevu zako zitakaa kwao ukienda kwa rafiki unaendelea ulipoishia. Sawa, asante. Nani aliwaomba? Mi sevu yangu naiweka kwenye flashi naitia mfukoni naondoka.

Waandishi wa magazeti ya gemu walioujaribu huo mfumo mwezi huu wanasema kwenye AC2 mtandao ukikatika unatupwa nje na ukirudi unaanzia chekpointi ya mwisho, yaani pale gemu ilipojisevu yenyewe. Haya, AC2 ina chekpointi kila kona unapogeuka. SH ina chekpointi gani? Kila aliyecheza ya tatu anajua ile sheria isiyoandikwa, usisevu ukiwa chini ya maji, usisevu karibu na msafara wa meli, faili linaweza kuharibika na doria nzima ikapotea. Tulikuwa tunasevu baharini kweupe, hakuna meli, hakuna ndege, ndo unasevu. Baada ya hapo unaufukuzia msafara usiku mzima, unautangulia mbele, unazama, unasubiri, jamaa wa haidrofoni (chombo cha kusikilizia chini ya maji) anakwambia anasikia mapangaboi upande wa kulia, unainua periskopu sekunde chache unashusha, unapima umbali kwa urefu wa mlingoti, unashika saa kupata mwendo, unajaza pembe kwenye kikokotozi cha torpedo (kombora la chini ya maji) mwenyewe kwa mkono maana sisi wa manyuo hatufanyiwi kazi na kompyuta, milango ya mirija inafunguliwa, torpedo nne ziko tayari... halafu modemu inakata. Umerudi pale kwenye bahari tupu jana yake. Hapo ndo mtu anavunja kibodi.

Na modemu ITAKATA. Sijui niseme kwa lugha gani. Huko kwao wanadhani kila mtu ana laini inayotoka ukutani haizimi. Ni kweli kebo ya SEACOM imefika Julai mwaka jana, tulishangilia wote, lakini kebo kufika ufukweni Dar ni kitu kimoja na intaneti kufika chumbani kwangu ni kitu kingine kabisa. Mi natumia modemu ya USB, ile yenye kitaa. Kikiwa cha bluu unapumua, kikienda kijani ujue umeshushwa spidi, mvua ikianza kunyesha kinaanza kupepesa polepole kisha kinatulia kwenye kijani hata ukichomoa ukachomeka, nimeshaining'iniza dirishani kwa waya mrefu, nimeshaiweka juu ya kabati, ipo siku niliifunga kwenye nondo za dirisha na mkanda wa kiatu. Na kila megabaiti inakula vocha. Sasa nikae masaa matano nacheza gemu ambayo haihitaji kitu chochote kutoka nje, huku modemu inakula salio ili tu iwaambie wao kwamba mi sio mwizi?

Hapo sijagusa umeme. Wenzetu wa Unguja toka Desemba kebo ya umeme ya chini ya bahari imekufa, kisiwa kizima ni majenereta tu mpaka leo hii naandika. Kuna mshkaji wangu kule ni mwendawazimu wa hii gemu kuliko mimi, anacheza SH3 kwenye laptopu masaa mawili matatu jenereta la jirani linapowaka na likizimwa anaendelea na betri mpaka iishe. SH3 inamruhusu. SH5 jenereta likizimwa na ruta nayo imezima, kwaheri.

Halafu kinachouma zaidi, huyo mwizi wanayemuogopa yeye hata hataguswa. Mnajua na mi najua, kreki (ya kuvunja huo ulinzi) itatoka, leo au mwezi ujao, ikishatoka jamaa wa Kariakoo atauza diski kwa bei ya soda mbili na mteja wake atacheza bila intaneti, bila vocha, bila kuulizwa chochote. Anayeteseka ni fala aliyelipa. Wazee mtakumbuka SH3 ilikuja na StarForce, ulinzi wa kuzuia kunakili, ile takataka iliyokuwa inajipachika mpaka kwenye madraiva, watu walilalamika dunia nzima, na 2006 Ubisoft wenyewe wakaachana nayo. Miaka minne tu imepita wamerudi na kitu kibaya zaidi!

Wanasema pia ikitokea siku wakafunga huduma watatoa pachi (faili la marekebisho) gemu iendelee kuchezeka. Mi ahadi ya kampuni kuhusu siku ambayo haitakuwa na faida tena na wewe siiwekei hata shilingi mia. SH3 ni ya 2005 na bado iko kwenye kompyuta yangu leo, naicheza kuliko ya nne, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuizima. Hiyo ndo ninayoitaka.

Haya tuache intaneti twende kwenye gemu yenyewe maana huko nako kuna msiba.

Nyambizi za Type VII peke yake. Nimesoma mara mbili mbili nikidhani nimekosea. VIIA, VIIB, VIIC, VIIC/41, basi. Hakuna Type II, hakuna IX, hakuna XXI. Na kampeni inaishia 1943. Ya tatu ilikuwa na zote hizo na ilienda 1939 mpaka 1945, gemu ya miaka mitano iliyopita ina nyambizi nyingi kuliko gemu mpya! Sababu yao ni kwamba sasa unatembea ndani ya nyambizi kwa miguu yako, chumba kwa chumba, mabaharia wana sura na wanaongea, kwa hiyo kutengeneza ndani ya kila aina ni kazi kubwa. Naelewa ni kazi. Na sitakataa, zile picha za ndani ya VII ni nzuri mno, zile taa nyekundu, vile vitanda vimebanana na torpedo, na mpishi naye yupo na jiko lake, hiyo nitaifurahia sana. Lakini nikishatembea kutoka mbele mpaka nyuma mara kumi nitakuwa nimemaliza kuona, tukio la vita nd'o linanirudisha kila usiku sio korido.

Na kuishia 1943 ni kukata stori pale inapoanza kuwa tamu. Au chungu, vyovyote. Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41 kwa mwezi mmoja, hapo ndo mwindaji anageuka kuwindwa. Miaka ya mwanzo ukiwa na bahati hata mtoto anazamisha meli. Ukija 1944 ndo unajua ujuzi wako, rada zimejaa juu, ndege hata usiku, unaishi chini ya maji na snokeli (bomba la kuvutia hewa), unaenda doria bila kujua kama utauona mlango wa bandari tena. Watu kama 40,000 waliingia kwenye zile nyambizi na karibu 30,000 hawakurudi. Gemu inayoishia kabla ya sehemu kubwa ya hayo inasimulia vita gani?

Kuhusu IX naomba niwe mbinafsi kidogo. Sisi wa pwani hii tunaambiwa vita ya nyambizi ilikuwa ya Atlantiki, ya baridi na barafu, haituhusu. Si kweli. 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, Sri Lanka, meli za kivita za Waingereza zilihamishiwa Kilindini, Mombasa hapo. Mei mwaka huohuo nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandarini Diego Suarez, Madagaska. Agosti 1944 U-862 ya Wajerumani ilikuwa inazamisha meli kwenye mlango wa Msumbiji. Na ile U-862 ilikuwa IXD2, zile ndefu zilizoweza kwenda zaidi ya maili 20,000 za baharini bila kujaza mafuta, ndo maana walizunguka Afrika nzima mpaka Penang, Malaysia. VIIC inaishia kama 8,500, huku kwetu haifiki ikarudi. Kwa hiyo ukiitoa IX umeifuta Bahari ya Hindi yote kwenye gemu.

Na kuna meli ya Khedive Ismail. Sijui wangapi humu mnaijua. Ilitoka Kilindini Februari 1944 inaelekea Colombo imejaa askari, wakiwemo wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa huku huku. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo karibu na Maldives, ikazama ndani ya kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Na waliosalimika wakiwa bado wanaelea, manowari za Kiingereza zililazimika kupita na kudondosha mabomu ya kina palepale ili kuipata nyambizi iliyokuwa imejificha chini yao. Hebu fikiria wewe ndo nahodha wa ile manowari. Najua SH5 ni ya Wajerumani na I-27 isingekuwemo kwa vyovyote, sijasema ingekuwemo. Nachosema ni kwamba bahari yetu ina vita yake, ile nyongeza ya SH4 ya 2008 ilishatupeleka Bahari ya Hindi na IXD2, na sasa tunarudishwa nyuma.

Kinachonishangaza ni kwamba hawa hawa timu ya Bucharest wanaotengeneza hizi gemu walishawahi kusikiliza. SH3 ilikuwa itoke na kampeni ya kupangwa kama SH2, misheni moja baada ya nyingine kama treni, mashabiki wakapiga kelele, 2004 wakaisogeza mbele wakatengeneza kampeni huru, na ndo ikawa gemu bora ya nyambizi mpaka leo. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi. Msiniambie "ndo biashara mkuu, zoea".

Nyongeza: jamaa aliyesema hapo chini ninunue tu halafu mamoda (mashabiki wanaoboresha gemu) watarekebisha kila kitu, mkuu nakuheshimu, lakini soma vizuri. Mimi nacheza SH3 na GWX (modi kubwa ya mashabiki), naijua kazi ya mamoda, wale watu walifanya bure kazi ambayo kampuni ilitakiwa kulipia. Moda anaweza kuongeza meli, rangi ya maji, hata nyambizi mpya nje. Hawezi kukupa intaneti. Na kwanini kila mara tununue nusu gemu kwa bei kamili halafu tusubiri watu wanaotoka kazini usiku waimalizie? Ya nne nayo ilitoka 2007 na mabagi kibao tukasubiri pachi hivyo hivyo.

Nyongeza 2: hapana, sitatumia kreki, na naomba uzi huu usigeuke wa kuombana kreki, wasimamizi wa jukwaa wataufunga. Nataka kulipa. Nina hela, kaka yangu aliyeko Uingereza kaniambia ataninunulia nimrudishie akija, nimemwambia asubiri. Wakiondoa hilo sharti la intaneti hata mwezi wa sita nitanunua siku hiyohiyo, Type VII peke yake au la, nitanung'unika huku nacheza. Wasipoondoa nabaki 1944 kwenye SH3 na IXD2 yangu.

Ambaye ameagiza tayari na yuko Nairobi au Dar, ikitoka njoo hapa uandike ukweli, modemu yako ni ipi, imekata mara ngapi na ilikurudisha wapi. Usitudanganye ili usionekane umeliwa. Na mwenye GWX nzima kwenye DVD naomba anistue PM, yangu imekwaruzika na kuidownload upya kwa hii modemu ni vocha za mwezi, nitaifuata popote ulipo mjini.