Barua ya kesi ya pamoja kuhusu uvundo wa AC: risiti zipi zinakubalika, na harufu yenyewe inaondokaje?

Mdau_Texas
Wakuu, habari za saa hizi. Nimepata barua hapa Marekani inayosema kampuni ya gari langu imekubali suluhu kwenye kesi ya pamoja (moja inayofunguliwa kwa niaba ya kundi zima la wateja wenye tatizo lilelile) kuhusu AC inayotoa uvundo. Risiti ninazo mbili: moja ya filta ya kabini, nyingine imeandikwa tu "huduma ya AC, dola 180". Zinatosha? Nikikaa kimya inakuwaje? Uvundo bado upo, hasa dakika ya kwanza baada ya kuwasha, na fundi anataka kubadilisha evapareta nzima (kile kipande cha AC kinachopoza hewa).

Karani_wa_Madai
Mkuu, usikae kimya. Suluhu ikishaidhinishwa na mahakama, asiyefanya kitu anapoteza haki ya kushtaki kwa kasoro hiyo na kwa kawaida pesa pia hapati. Njia nyingine ni kujitoa kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa (haki yako ya kushtaki peke yako inabaki), au kubaki ndani huku ukipeleka pingamizi kwa jaji.

Hiyo risiti ya filta, kama ilibadilishwa kwa ajili ya harufu, ina nafasi. Ya "huduma ya AC" ndiyo yenye mashaka, kwa sababu msimamizi wa madai hawezi kujua kama ulitibiwa uvundo au uliongezewa gesi, na gesi si kasoro inayodaiwa. Rudi gereji uombe nakala ya karatasi ya kazi, ile yenye mstari wa malalamiko ya mteja. Ikisomeka kwamba mteja alilalamikia harufu, umepona. Ambatanisha namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, maili siku ya matengenezo, uthibitisho kwamba ulilipa, na kadi ya gari au mkataba wa kukodi. Usitume nakala halisi.

Malipo nayo mara nyingi hayawi sawa kwa wote. Kwenye kesi ya Mercedes-Benz iliyofunguliwa mahakama ya shirikisho kule Georgia mwaka 2017 na suluhu yake kuidhinishwa 2020, asilimia ya kurudishiwa ilitegemea umri wa gari na maili zake. Kwa hiyo soma jedwali la kesi yako, usichukue la kesi nyingine. Usitegemee pesa haraka: baada ya idhini ya mwisho kuna siku 30 za kukata rufaa, na rufaa ikikatwa mambo hukwama. Kudai ni bure, mawakili wa kundi hulipwa kwa kibali cha mahakama. Anayekuomba ada ili "akufuatilie" huenda ni tapeli.

Fundi_Baridi
Usibadilishe evapareta bado! Ikitolewa, kwa magari mengi dashibodi yote inashuka, na mpya nayo itakuja kunuka vilevile kwa sababu chanzo ni unyevu. Evapareta inapoa chini ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji), matone ya maji yanajikusanya kwenye mapezi yake, ukizima gari yanabaki gizani pamoja na vumbi na majani. Kuvu na bakteria wanaota hapo.

Kwanza angalia chini ya gari AC ikifanya kazi siku ya joto la unyevunyevu. Maji hayadondoki? Bomba la kutolea maji limeziba, na zulia la upande wa abiria huenda limelowa. Lizibue taratibu, upepo wa kompresa wenye nguvu unaweza kulichomoa kwa ndani, hapo umejiongezea kazi.

Kisha toa filta (mara nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi), zima AC na feni, ingiza povu la kusafishia evapareta kupitia bomba la maji au tundu la rezista ya feni (kifaa kinachodhibiti kasi yake). Kopo moja la mililita 400 hadi 500 kwa kawaida linatosha. Acha dakika 15 hadi 20 lichuruzike, halafu washa hita na feni ya juu kabisa dakika 10, madirisha wazi. Filta mpya iwekwe mwisho, la sivyo itanyonya povu. Jiki marufuku, inakula alumini. Manukato ya kuning'iniza hayatibu chochote.

Ili isirudi: dakika 3 hadi 5 kabla ya kufika, zima kitufe cha AC ila acha feni ipulize hewa ya nje. Kuna pia kifaa cha kuwasha feni chenyewe gari likishazimwa, kinachokausha evapareta. Uliza kama suluhu yako inakilipia.

Wa_Kinondoni
Na sisi wenye magari ya Japani huku Dar, tunaingia kwenye hizo kesi?

Karani_wa_Madai
Hapana ndugu. Kundi kwa kawaida ni walionunua au kukodi gari ndani ya Marekani, na gari la mnada wa Japani halimo. Kwako yanafaa ya Fundi hapo juu.

Fundi_Baridi
Ila Dar filta isikae zaidi ya mwaka, vumbi ni jingi. Na kama harufu ni tamu-tamu na kioo kinaingia ukungu wenye utelezi, hiyo si kuvu. Ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye redieta ndogo ya hita. Pima kiwango chake kwanza kabla ya kununua povu.