Harvard kulipa washawishi Washington: haki yao au rushwa iliyovaa suti?

Mlalahoi_Boston: Wadau, Harvard wana wakfu wa dola bilioni 50 na ushee. Januari 2025 wakaajiri Ballard Partners, kampuni ya washawishi wanaolipwa kusemea watu serikalini, aliyowahi kufanyia kazi Susie Wiles, yule mama mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya Trump. Aprili ruzuku yao ya serikali ya dola bilioni 2.2 ikazuiwa vilevile. Chuo kumlipa mtu akakisemee serikalini, hii imekaaje?

Kinondoni Kwetu: Rushwa. Huku Tanzania tuliiita takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mahakama ikaifuta 2006.

Msomi wa Ohio: Mkuu, usichanganye madawa. Kule sheria ya 1995 inamtaka mshawishi ajisajili na kila robo mwaka aeleze kalipwa na nani. Pilau la kampeni lina risiti? Halafu si Harvard tu, vyuo vya majimbo navyo vina watu wao Washington, na umoja wa vyuo vikuu vya utafiti, AAU, upo tangu 1900. Februari 2025 NIH, taasisi ya serikali inayofadhili utafiti wa afya, walipotaka kubana fedha za uendeshaji wa maabara zisizidi asilimia 15 ya ruzuku ya utafiti, ulitaka nani aseme? Panya wa maabara?

Kinondoni Kwetu: Nani kakwambia mimi nakula pilau la kampeni? Heshima ni kitu cha bure.

Bi Mwanaisha: Hao washawishi wenyewe wanafanya nini? Kodi ya mapato ya wakfu ilikuwa asilimia 1.4 tangu 2017, mwaka 2025 Kongresi ikapandisha mpaka 7 au 8.

Msomi wa Ohio: 8, dada, kwa wale matajiri kabisa. Wengine wanalipa kidogo.

Bi Mwanaisha: Basi wamedhulumiwa na mshawishi wao. Chuo cha Columbia ndio kabisa, wamenyimwa ruzuku ya dola milioni 400, wakatoa zaidi ya milioni 200 wapatane na serikali. Harvard walipokwenda kwa jaji kudai ruzuku yao, Septemba wakashinda. Wakili kamzidi mshawishi.

Tajiri Mtoto: Hizo ruzuku zikatwe tu. Mkulima wa Iowa anakatwa kodi ili watoto wa mabwanyenye wafundishwe Kiswahili, wakija Zanzibar wampigie muuza madafu shikamoo.

Mwalimu Ughaibuni: Hicho Kiswahili nakifundisha mimi, mwaka wa tisa huu. Fedha zake zilianza na sheria ya 1958, Warusi walipowatangulia angani na Sputnik. Vituo vya masomo ya Afrika vimezitetea Kongresi miaka nenda rudi, na 2025 Wizara ya Elimu ikazisitisha. Wewe unacheka.

Tajiri Mtoto: Samahani mwalimu. Wewe wa Tanga au wa Nairobi?

Mwalimu Ughaibuni: Inahusu nini?

Tajiri Mtoto: Wa Nairobi. Nimeshaelewa kwa nini wamesitisha.

Mkunazini: Hahaha jamani!

Pwani Usikose: Sisi wa Mombasa tunahesabiwa wapi hapo? Lamu tulikuwa tunatunga tenzi Kinondoni ikiwa pori.

Kinondoni Kwetu: Kinondoni tena? Nimewakosea nini leo?

Mlalahoi_Boston: Wadau, niliuliza habari za Harvard.

Pwani Usikose: Harvard wana wakili. Sisi tunajitetea wenyewe. Mwalimu, jibu swali, wa wapi?