Jamani hadi NAULI? Huyu mheshimiwa wa Alabama kanichosha

Mpishi wa Springs
Wakuu, salamu baadaye. Leo hii, Juni 2023, nimetoka kusoma rasimu ya bajeti ya ulinzi kutoka kamati ya Bunge la Marekani, mkono unatetemeka hadi nimemwaga chai kwenye kibodi. Ninayemsema mnamjua: Mike Rogers, mbunge wa Alabama na mwenyekiti wa kamati hiyo. Hata kuku wa jirani wanamjua.

Kamandi ya Anga za Juu ya jeshi la Marekani iko hapa Colorado Springs, kambi ya Peterson, tangu ifufuliwe 2019. Eti kwa muda. Januari 2021 wakatangaza inahamia Huntsville, jimboni Alabama, kwao mheshimiwa. Serikali ikabadilika, suala likawekwa kiporo. Sasa mwenzetu kachoka kusubiri, kachomeka kifungu: hakuna senti ya kujenga, kukodi wala kukarabati jengo la kamandi huku mpaka waziri wa Jeshi la Anga atamke makao makuu yatakaa wapi.

Hapo ningemeza. Lakini NAULI! Wamebana hadi fungu la safari za waziri! Mtu mzima ana ndege za kivita na makombora, ananyimwa nauli kama mtoto aliyegoma kuosha vyombo. Namwona yuko stendi na begi lake, konda anamwambia "mzee shuka, kamati haijalipa."

Mimi nauza sambusa na pilau kwenye kigari, si mbali na kambi. Wateja wangu ndio hao wenye magwanda. Wakihama pilau nimuuzie nani, kulungu? Ila hata hilo basi. Nauli, jamani. NAULI.

Mzee wa Kiti Kirefu
Nimewahi siti ya mbele, karanga ninazo. Kwa hiyo mkuu, ulinzi wa anga za juu umesimama kwa sababu ya sambusa?

Dada wa Huntsville
Kaka pole, ila punguza chumvi. Saturn V iliyopeleka watu mwezini ilibuniwa huku kwetu, hatukuokota roketi jalalani. Na wakaguzi walipitia 2022 wakakuta kuichagua Huntsville kulikuwa na mantiki. Lete kigari, kona ipo.

Mpishi wa Springs
Dada, wakaguzi pia walikuta mchakato una kasoro, mbona hiyo umeiruka? Na yule mkubwa wao, Trump, alijisifu redioni 2021 kwamba aliamua peke yake. Halafu kwenye nauli umepita kimya kimya kama hujaiona.

Dada wa Huntsville
Apande basi.

Mwana wa Ngomeni
Nyinyi anga mnaijua ya Marekani tu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa 1970 hapa kwetu Ngomeni, Malindi, Kenya, kutoka jukwaa la baharini. Tangu 1988 jukwaa halijarusha kitu. Aprili hii ya 2023 setilaiti yetu Taifa-1 imebidi ikadandie roketi California! Sisi ndio wa kulia nauli.

Mama Githurai
Roketi ni ya walioshiba. Huku Kenya Mswada wa Fedha wa 2023 unataka kukata asilimia 3 ya mshahara kwa nyumba ambazo hakuna aliyeziomba. Mimi nyumba ninayo, inavuja, lakini ninayo.

Chuma cha Kurasini
Na bandari yetu ya Dar es Salaam je? Kuna aliyesoma ule mkataba wa Tanzania na Dubai mpaka mwisho au mnabishana kwa picha za WhatsApp?

Mzee wa Kiti Kirefu
Nimeusoma mara mbili. Karanga zimeisha.

Mama Githurai
Hiyo bandari yenu inahusiana vipi na asilimia 3 yangu?

Mpishi wa Springs
Wakuu, turudi kwenye nauli ya waziri.

Chuma cha Kurasini
Bandari kwanza. Na hiyo pilau yako unaweka nyanya?

Dada wa Huntsville
Anaweka. Nilikula nilipokuja Julai, nikanyamaza kwa heshima.

Mwana wa Ngomeni
Pilau ya nyanya??? Na wahame tu hao wanajeshi.

Mpishi wa Springs
NYANYA SIWEKI!!! Ile ilikuwa siku moja tu, na vitunguu vilikuwa vimeniishia!